Migahawa mipya Dar si Masaki peke yake

Ndugu mwandishi, umetutajia migahawa kumi mipya ya kujaribu Dar es Salaam, na yote kumi iko Masaki na Oysterbay. Kwani jiji linaishia Daraja la Salenda, linalotenganisha huko na katikati ya mji?

Huko nimeshakula, sikatai, upepo wa bahari ni mzuri. Ila mwezi uliopita nilimpeleka mke wangu kwenye mmoja (jina naliacha), tukaambiwa tusome menyu kwenye simu, samaki akaja baada ya saa nzima, na bili ikaja na VAT ya asilimia 18 juu ya bei tuliyoiona. Eti iliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Siku nyingine shuka mjini jioni, Kisutu au Upanga. Kuku sekela anageuzwa juu ya mkaa mbele ya macho yako, mafuta yakidondoka moto unaruka, anakuja na ukwaju na pilipili inayokutoa kamasi. Urojo nao, ile supu ya Kizanzibari, uonje, ila angalia rojo: likiwa zito kama uji, ondoka. Linatakiwa liwe jepesi, la manjano, lenye uchachu wa embe mbichi, halafu bajia na kachori zitupiwe mwishoni zisilainike.

Na mihogo ya Coco Beach umeirukaje, wakati iko hapo hapo Oysterbay? Au kwa sababu haina meza yenye kitambaa?