Tuache kukaririsha maumbo ya molekuli

Muulize mwanafunzi molekuli ya maji ina umbo gani, atakujibu upesi: imepinda, pembe yake nyuzi 104.5. Muulize imepindwa na nini, ananyamaza. Simlaumu. Alipewa jedwali la maumbo akariri, na jedwali halielezi sababu.

Wazo lenyewe ni jepesi kuliko hilo jedwali. Wanakemia Sidgwick na Powell walilitoa mwaka 1940, Gillespie na Nyholm wakaliendeleza mwaka 1957: jozi za elektroni zinazoizunguka atomu ya kati husukumana, kila moja ikikaa mbali na nyingine kadiri inavyoweza. Baada ya hapo ni kuhesabu tu. Oksijeni ina elektroni sita za nje, haidrojeni mbili zinaleta moja moja. Jumla nane, yaani jozi nne. Jozi nne zikitawanyika sawasawa huachiana nyuzi 109.5, kama kwenye methani. Lakini katika maji ni jozi mbili tu zilizoshika haidrojeni. Mbili zilizobaki ni huru, zinavutwa na kiini kimoja tu, hivyo zinatanuka ubavuni mwa oksijeni na kuzibana zile za bondi, yaani zilizoshika haidrojeni. Ndiyo maana pembe imeshuka. Amonia, yenye jozi huru moja, iko katikati: karibu nyuzi 107.

Kipimo kizuri cha uelewa, kwa maoni yangu, ni XeF4, yaani xenoni moja iliyoshika florini nne. Aliyekariri ataona atomu nne pembeni na kusema ni kama methani. Aliyehesabu (xenoni nane za nje, florini nne zinaleta moja moja) atapata jozi sita, mbili zikiwa huru. Ataziweka juu na chini, mkabala, na florini nne zitabaki kwenye mraba bapa. Hivyo ndivyo ilivyo kweli.

Halafu kuna H2S, yaani salfa yenye haidrojeni mbili, ambayo hufundishwa kwa kurukwa. Jozi nne, mbili huru, sawa kabisa na maji, ila pembe ni nyuzi 92. Salfa ni kubwa na haizivuti jozi za bondi kwa nguvu kama oksijeni, kwa hiyo hazibanani sana karibu na kiini chake, na jozi huru zinaweza kuzisogeza karibu zaidi. Maelezo hayo yanaonyesha pembe itaelekea wapi, hayatoi 92. Mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi, siku ileile anapofundishwa maji.

Na mtihani ubadilike. Badala ya "taja umbo la amonia", mpe pembe mbili, NH3 (amonia) nyuzi 107 na NF3 (florini mahali pa haidrojeni) nyuzi 102, kisha mwambie aeleze florini imezifanya nini jozi za bondi.