"Baba" akisomeka "bubu"

Mtoto akimaliza la saba, huku Tanga anaulizwa kama amefaulu. Mwandiko hauulizwi, na si ajabu: tangu 2012 mtihani huo sehemu kubwa ni kusiliba, yaani kutia kivuli herufi ya jibu. Aibu inakuja kidato cha kwanza, ubao umejaa noti na mwalimu ameshashika dasta.

Kipimo changu ni hiki: aandike herufi kama 60 kwa dakika, robo saa mfululizo, vidole visimuume, na asiyemjua asome bila kubahatisha. Nahesabu herufi kwa kuwa maneno yetu ni marefu. "Hawajatuambia" ni neno moja.

Anza kukagua a, maana Kiswahili kimejaa a. Kalamu ianzie juu kulia, palipo na namba 2 kwenye uso wa saa, izunguke kwa kushoto, ipande ifunge, ndipo ishuke mkia. Anayeanzia chini huiacha wazi juu: baba anakuwa bubu, kaka anakuwa kuku. Shina la h likiwa fupi, "hasa" inasomeka "nasa". Mwingine hunyanyua kalamu katikati ya neno, "anakuja" ikatoka "ana kuja", akakatwa maksi za tahajia ilhali tahajia anaijua.

Daftari linaonyesha kosa, halionyeshi lilikoanzia. Hapo chuoni, yaani madrasa, wanatushinda: maalim humkalisha mtoto mbele yake akatazama kalamu inavyokwenda. Shuleni tunasahihisha mwenyewe ameshaenda zake. Madarasa yamejaa, najua, lakini kutazama mikono mitano kwa siku kunawezekana.

Ile adhabu ya kuandika sentensi mara 100 ndiyo inayoharibu kabisa. Kufika mstari wa 30 mkono umechoka. 70 iliyobaki anajizoeza kuandika vibaya. Bora dakika 10 kila siku, kundi moja kwa wiki: a, d, g, o kwanza, kisha n, m, h, r.

Miezi ya joto kiganja hutoa jasho na wino ukapakaa, basi aweke kipande cha karatasi chini ya kiganja. Mwenye shoto asilazimishwe kubadili mkono. Daftari lake liinamie kulia, naye akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, la sivyo kiwiko chake na cha jirani vitagongana mpaka kengele ya mapumziko.