Jeni haijui mbele wala nyuma

Kauli kwamba jeni ni ramani ya mwili hunikera, na ninapotaka kuipinga humtaja mnyoo Caenorhabditis elegans, kiumbe mwenye urefu wa milimita moja tu.

Yai lake likisharutubishwa hugawanyika kwa upendeleo: seli ya mbele, AB, hutoka kubwa, na ya nyuma, P1, hutoka ndogo. Tena hii ndogo ndiyo inayopewa chembechembe za P, zinazoendelea na ukoo utakaotoa mayai na mbegu. Mwaka 1988 Kenneth Kemphues, James Priess na wenzao walieleza jeni zinazohusika, wakaziita par. Zikiharibika, mara nyingi seli hizo mbili hulingana, na kiinitete hufa. Cha kushangaza, mnyoo mwenye kasoro hiyo mwenyewe hukua, maana yai alimotoka lilishajazwa protini za mama yake. Wanaokufa ni watoto wake.

Hapo wengi husema: basi hizo ndizo jeni za mbele na nyuma. Sikubali. Ni kweli kati ya protini zinazotokana na jeni hizo, PAR-3 na PAR-6, pamoja na mwenzao PKC-3, huishia mbele, PAR-1 na PAR-2 nyuma. Lakini mwanzoni zile za mbele zimezagaa kuzunguka yai zima, katika tabaka lililo chini ya utando. Anayechagua upande ni mbegu ya kiume. Sentrosomu iliyokuja nayo, yaani kile kijisehemu cha seli kinachopanga nyuzi zake, hulegeza tabaka hilo mahali ilipo. Tabaka huvutwa kwenda upande wa pili likizibeba protini za mbele, na PAR-2 hupata pa kukaa. Kuanzia hapo ni kufukuzana: PKC-3 huzibandika fosfati (kipande kidogo cha kemikali) protini za nyuma hadi ziachie utando, na PAR-1 huilipiza PAR-3 vivyo hivyo. Mpaka huwekwa pale pande mbili zinaposhindwa kusukumana zaidi.

Kwa hiyo kilichorithiwa ni ugomvi. Mwelekeo umetoka kwingine.

Anayebisha na aangalie seli zinazotanda ndani ya utumbo wetu. Jamaa wa PAR-3, PAR-6 na PKC-3 wamo humo (PAR-2 hatunayo), wakifukuzana na jamaa wa PAR-1 kama kawaida yao, ila humo hawatengi mbele na nyuma. Wanatenga juu, panapopita chakula, na chini.