Sura Mpya Kwenye Stetasi
Jamani, mimi nina ugonjwa wa Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza iliyoanza 1963, ya msafiri wa wakati ambaye badala ya kufa hugeuka mtu mwengine. Raha yote iko hapo: safari hii atageuka nani? Basi juzi nimejibana, nimenunua bando, nasubiri watoto walale niangalie kwa nafasi. Kufungua WhatsApp tu, binamu yangu wa Mkunazini keshabandika sura mpya ya huyo msafiri kwenye stetasi, na vikaragosi vya kulia juu yake! Namuuliza, ananambia, "Si ungeangalia mapema?" Mapema gani, na umeme umekatika tangu magharibi? Na tamthilia yenyewe wala haiangalii. Picha kaiokota Facebook.