Wafuasi Elfu Kumi wa Nini?

Juzi kijana mmoja anayeandika hadithi za kipelelezi alinipigia. "Dada, shikamoo. Nataka nifikishe wafuasi elfu kumi kabla sijapeleka kitabu mtamboni. Nifanyeje?" Nikamuuliza: wa nini? Akacheka, akidhani natania.

Mimi hao elfu kumi nilikuwa nao mwaka 2019, na chenji juu. Ukurasa wangu wa Facebook ulikuwa unatoa msemo kila asubuhi juu ya picha ya jua likizama. "Maumivu ni mwalimu asiyelipwa mshahara," na mengine ya namna hiyo ambayo leo nikiyasoma najificha uso. Watu walilaiki, wakashea, wakaandika "kweli kabisa dada". Nikajiona mwandishi. Zamu yangu ya mchezo ilipofika nikachukua hela zote nikaenda nazo Kariakoo, nikachapa nakala 500 za riwaya yangu ya kwanza. Siku nilipoweka kava, laiki zilipita mia nane. Mwezi ule niliuza nakala 41, tisa kati ya hizo kwa mashangazi na wajomba.

Wafuasi hawakunikosea chochote. Walinifuata kwa ajili ya misemo, nikawaletea riwaya. Mtu anayesoma maneno matano akiwa amening'inia kwenye daladala hajawahi kuniahidi kukaa na kurasa 180. Halafu kuna jambo tunalifichaficha: sehemu kubwa ya waliokuwa wakinipongeza walikuwa waandishi wenzangu. Tunafuatana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akingoja mwenzake anunue, kama wauza vitumbua watano kwenye baraza moja bila mpita njia.

Kilichoninasua ni "itaendelea". Wala si ugunduzi wangu. Magazeti ya burudani yametulea hivyo: hadithi ukurasa wa ndani, inakatwa mahali pabaya, na wiki inayofuata unatafuta hela ya gazeti hata kama habari za mbele hazikuhusu. Nikaacha misemo, nikaanza kutoa riwaya ya pili kipande kwa kipande, Jumatatu na Alhamisi, saa tatu usiku, taarifa ya habari ikiwa imekwisha na vyombo vimeoshwa. Sehemu 15 za kwanza bure. Anayetaka zilizobaki analipa Sh 3,000 kwa simu, namwingiza kwenye grupu la WhatsApp. Wafuasi zaidi ya elfu moja wakaondoka. Heri yao.

Alhamisi moja sikuweka kitu, mtoto alikuwa na homa. Saa nne kasoro usiku simu inaita, namba siijui.

"Mwanangu, mimi nauza samaki Feri, saa tisa naamka, sina maneno mengi. Yule Zuhura umemwacha kisimani tangu Jumatatu. Anatoka, hatoki?"

Nikamweleza kuhusu mtoto.

"Pole mwanangu. Mwogeshe maji ya vuguvugu. Sasa anatoka?"

Sikumwambia. Namba yake nikaihifadhi kwa jina la Mama Kisimani, na tangu hapo hajakosa kitabu changu hata kimoja. Kila mara anachukua viwili, cha pili cha mdogo wake aliye Singida. Hicho nakifunga kwa karatasi ya kaki, naandika jina na namba ya simu kwa makapeni pande zote mbili, nakipeleka stendi ya Mbezi, napiga picha risiti pamoja na namba ya basi, namrushia mdogo mtu. Jioni yake inaingia meseji: "Mzigo nimepata. Usinisimulie."

Ukiniuliza leo nina hadhira kubwa kiasi gani, sitakutajia wafuasi. Nitafungua daftari. Mle nina majina na namba za watu waliowahi kunilipa hata mara moja, na hizo ndizo ninazozihesabu. Facebook haimwonyeshi kila mfuasi kila unachoposti. Inamchagulia kila mtu inachodhani atakipenda, kisichowashtua watu inakizika. Instagram nako kiungo ukikiweka kwenye maelezo ya picha hakibofyeki, msomaji mpaka azunguke kwenye wasifu wako, na bando linakatika njiani. Meseji ya kawaida haina mbwembwe hizo.

Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2021 ndio ulionifanya niliheshimu daftari. Jumatatu, siku yangu. Tangu saa kumi na mbili na nusu jioni Facebook, Instagram na WhatsApp zilikuwa zimekufa dunia nzima, zikarudi kwenye saa saba usiku. Nikatuma meseji za kawaida kwa namba 212: mtandao umelala, sehemu yenu ipo, kesho. Watu wanne wakajibu wanataka kitabu kizima kabisa wasisubiri tena mitandao ya watu. Mwaka 2025 tumeona makubwa zaidi. Mei, mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, ulifungwa hapa Tanzania. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa kwa siku kadhaa. Ukurasa wa mtandaoni ni chumba cha kupanga. Pamba utakavyo, lakini funguo nyingine anayo mwenye nyumba.

Magrupu nayo yana karaha zake. Zamani WhatsApp ilikomea watu 256, nikawa na magrupu matatu. Sasa yanaingia 1,024, wote wangetosha kwenye moja, lakini nimeyaacha vilevile: watu mia wakiandika "asante mwandishi" kwa mpigo, sehemu yenyewe inapotelea juu. Na ndani ya grupu yupo atakayebeba PDF yako akauze. Mimi nilikuta riwaya yangu inauzwa Sh 1,000 kwenye grupu la watu wengine, jina langu limefutwa kwenye kava, na muuzaji akaniuliza kwa upole kama nataka ofa ya vitabu vitatu. Siku hizi kila nakala naandika chini ya kila ukurasa jina na namba ya mnunuzi. Wizi haujaisha, ila umeanza kuona aibu.

Kuhusu kucheza TikTok ili uuze kitabu sina ugomvi na anayejua kucheza. Mimi nikijirekodi, ninasoma ukurasa mmoja kwa sauti yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Wengi wanapenda kusimuliwa kuliko kusoma.

Yule kijana nilimwambia anitumie sehemu yake ya kwanza. Akatuma. Anaandika vizuri. Lakini sehemu inaishia mpelelezi amerudi gesti, amefunga mlango kwa funguo, amezima taa, amelala. Nikamwandikia: funguo hiyo mnyang'anye. Akajibu, "Sawa dada, na wafuasi je?"

Nikamwambia kwanza huyo bwana aamshwe.