Anayejifunza kutunga mashairi: aanze na mizani au aandike huru?

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na wanafunzi wengi wa ushairi wa Kiswahili wamepitia mlango huo: mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, nane kila kipande, vina (silabi zinazofanana) kati na mwisho. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, na mjadala ukapamba moto. Wanamapokeo, watetezi wa kanuni za zamani, walisema pasipo vina na mizani hakuna shairi. Wanamabadiliko, watetezi wa mashairi huru, wakajibu kwamba uhai wa shairi uko katika fikra na picha zake. Siku hizi aina zote mbili husomwa darasani, lakini anayeanza bado anababaika aanzie wapi.

Wanaotaka aanze na uhuru wana hoja nzito. Mwanagenzi akikabidhiwa kanuni kabla hajawa na la kusema, hujifunza kujaza nafasi. Hapo ndipo huzaliwa vipande kama "kwa hakika nawambia". Ni mizani nane kamili, tena "nawaambia" imeshafinywa kwa inkisari, yaani kufupisha neno, ili hesabu ikubali. Kipande hicho kinaingia kwenye shairi la mapenzi, la msiba, hata la uchaguzi, na kote hakisemi kitu. Inauma kuona shairi lililojaa vijazo vya namna hiyo likipewa alama zote kwa kuwa hesabu imetimia, huku la mwenzake lenye jambo zito likikatwa kwa mizani moja iliyopungua.

Hata hivyo, naegemea upande wa mizani. Chukua mtu aliyeandika "Mvua ilinyesha jana". Ni mizani tisa, kwani ile m ya mwanzo husimama peke yake. Anageuza: "Jana ilinyesha mvua". Tisa vilevile. Anaondoa "jana", zinabaki saba. Anahangaika na kitenzi mpaka anafika kwenye "Jana ilitunyeshea". Nane. Hakujazia chochote. Mvua yenyewe haitajwi tena, ila sasa wamo watu waliolowa, na iliyokuwa taarifa ya hali ya hewa imepata wenyewe. Asingewatafuta watu hao kama mstari wake wa kwanza ungekubaliwa ulivyo. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi nyingi za kuongeza na kupunguza silabi, na anayebanwa na hesabu hulazimika kuzipekua moja moja. Ujuzi huo ataubeba hata akiacha vina kabisa.

Shairi huru, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi kwa anayeanza. Hakuna kinachomwambia kwamba mstari umekwenda kombo. Akate wapi, arudie neno gani, picha ipi ibebe ubeti mzima: yote anayaamua mwenyewe, na wengi huishia kuandika insha iliyokatwakatwa.

Ila mizani ifundishwe pamoja na sauti. Mashairi haya yalitungwa yaghaniwe, na vipande vyenye mizani sawa hukaa juu ya mahadhi yaleyale ubeti baada ya ubeti. Anayehesabu kwa vidole, kimyakimya, hupata idadi akakosa mapigo. Aghani mbele ya wenzake kabla ya kusahihishwa. Kijazo kikirudi mara ya pili, watakisikia wote. Mwenye shairi huru naye asome kwa sauti: pale alipokata mstari na pumzi yake ikapita bila kutua, bila sababu anayoweza kuieleza, aunganishe. Mwalimu naye, kabla ya kushika kalamu, aulize ubeti umesema nini, kisha ndipo ahesabu.