GitHub mikononi mwa Microsoft: faida ilitokea upande ambao haukutazamiwa

Juni 2018, Microsoft ilipotangaza kuinunua GitHub, tovuti ambako wasanidi programu huhifadhi na kushirikiana msimbo (maandishi yanayounda programu), kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5, wengi waliona bei imepaa mno. Kampuni hiyo ya San Francisco, iliyoanza mwaka 2008, ilikuwa ikikadiriwa kuingiza kati ya dola milioni 200 na 300 kwa mwaka. Ukipiga hesabu za duka la kawaida, mnunuzi angengoja miaka 25 au zaidi kurudisha mtaji wake, na hapo hajalipa mshahara hata mmoja.

Kilichonunuliwa, hata hivyo, ni mazoea ya watu. Wasanidi programu milioni 28 walikuwa wameweka kazi zao pale, katika hifadhi za msimbo zaidi ya milioni 85. Ndipo mtu anapopakia mabadiliko yake usiku, asubuhi akakuta mwenzake wa nchi nyingine ameyapitia mstari kwa mstari na kumwandikia kwamba hapa umesahau kufunga faili. Ndipo pia waajiri wanapochungulia kabla ya kukuita kwenye usaili. Microsoft ilishajaribu kuwa na mahali pa namna hiyo, CodePlex. Watu wakapungua, wengi wakahamia hukohuko GitHub, na mwaka 2017 ikatangaza kupafunga. Fedha ilikuwepo na wahandisi walikuwepo, ila watu hawaji kwa sababu tu umejenga.

Imani nayo ilikuwa haba. Mwaka 2001 Steve Ballmer, bosi wa Microsoft wakati ule, aliufananisha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na saratani, na jamii ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, haikusahau. Habari za ununuzi zilipotoka, baadhi walihamisha miradi yao kwenda GitLab, mshindani wake, kabla hata mkataba haujakamilika. Satya Nadella, mkuu mpya wa Microsoft aliyemrithi Ballmer, alichagua njia ya kutogusa. GitHub ilibaki na jina lake na kuendeshwa kivyake, chini ya Nat Friedman, kiongozi kutoka Microsoft anayeheshimika kwenye programu huria. Januari 2019 hifadhi za siri zikawa bure kwa vikundi vidogo, na Aprili 2020 kwa timu za ukubwa wowote. Kwa mwanafunzi wa Kisumu au Dar es Salaam asiye na kadi ya kulipia dola, hilo halikuwa jambo dogo, maana awali kuficha msimbo wako kuligharimu dola 7 kwa mwezi.

Faida kubwa ya Microsoft ikaja kutoka upande mwingine kabisa. Mwaka 2019 iliwekeza dola bilioni moja katika OpenAI, kampuni ya akili mnemba. Juni 2021 GitHub ikaonyesha Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo aliyejengwa kwa teknolojia ya OpenAI: unaandika jina la kazi unayotaka programu ifanye, maandishi ya kijivu yanatokea mbele ya kishale yakiwa na mistari mizima, unabonyeza Tab, yanakuwa yako. Mwaka mmoja baadaye ikaanza kuuzwa dola 10 kwa mwezi. Julai 2024 Nadella aliwaambia wawekezaji kwamba Copilot peke yake imeshakuwa biashara kubwa kuliko GitHub nzima ilivyokuwa siku iliponunuliwa. Wapo wanaosema Microsoft iliyaona haya yote tangu 2018. Nadhani wanaipamba. Maelezo ya wakati ule yalihusu zaidi wateja wakubwa na huduma za wingu za Azure. Ilikuwa na bahati, lakini bahati iliikuta imekaa mahali pazuri.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Copilot ilifunzwa kwa msimbo ambao watu waliuweka wazi kwa leseni zenye masharti, mengi yakidai mwandishi atajwe. Novemba 2022 baadhi yao walifungua kesi San Francisco. Jaji ametupilia mbali sehemu kubwa ya madai, si yote. Sheria ikikaa upande wa kampuni, bado mtu aliyetoa kazi yake bure ana haki ya kununa anapouziwa mwangwi wake. Halafu kuna Atom, kihariri cha GitHub yenyewe, yaani programu ya kuandikia msimbo. Mwaka 2018 Friedman aliahidi kitaendelezwa sambamba na VS Code, kihariri cha Microsoft. Desemba 2022 kikazimwa.

Linalonishughulisha zaidi ni hoja ya Tume ya Ulaya ilipouidhinisha ununuzi huu Oktoba 2018 bila masharti. Ilisema Microsoft haitakuwa na sababu ya kuibana GitHub, kwa kuwa wasanidi wangehama. Kwa msimbo wenyewe ni kweli: kila aliyeunakili mradi ana historia yake yote kwenye kompyuta yake, na kuupeleka kwingine ni kazi ya dakika chache. Kuhama na mijadala ya miaka kumi, ripoti za hitilafu, viungo vilivyotapakaa kwenye tovuti nyingine na mitambo inayojaribu msimbo kila unapopakiwa ni kibarua kingine. Tangu Aprili 2020 GitHub inamiliki pia npm, ambako programu nyingi za JavaScript huchota vipande vyake.

Hoja ya Tume ilitegemea GitHub kuishi kwa kuwaridhisha wanaohifadhi kazi zao pale. Agosti 2025 mkurugenzi wake, Thomas Dohmke, alitangaza kuondoka, na Microsoft haikuteua mrithi. GitHub ikawekwa ndani ya kitengo chake cha akili mnemba, CoreAI. Sasa msukumo wa mapato ni Copilot, na mmoja wa wapinzani wake wakubwa, kihariri cha akili mnemba kiitwacho Cursor, ametengenezwa juu ya msimbo huria wa VS Code, uleule ambao Microsoft iliutoa bure. Mwaka 2018 Microsoft haikuwa na sababu ya kubana. Sasa inayo.